Nguruwe Kichwani mwa Athumani

Songea, Alhamisi, baada ya isha

Na kwa nini daktari wa Kijerumani hakuniachia mimi niseme? Si mimi ndiye mkalimani wake? Amempasua kichwa marehemu Athumani, askari wetu aliyekuwa akianguka kifafa tangu vita vya Maji Maji vilipokwisha, kisha Mdachi huyo akatoka nje akifuta mikono na kuwatangazia wafiwa kwa Kiswahili chake: "Minyoo ya nguruwe! Imejaa kwenye ubongo!"

Basi. Mzee Saidi, kaka wa marehemu, akaapa kwamba hamwoshi mla nguruwe.

Nilieleza mpaka koo likakauka. Athumani hakula nguruwe. Anayemla ndiye hubeba mnyoo tumboni, na asiponawa baada ya haja, mayai yake huingia kwenye chakula cha wenzake na kuwapanda kichwani. Nani anisikilize?

Mjane ndiye aliyewanyamazisha. "Shemeji, mlisema ana jini, mkala mbuzi wangu. Leo mnasema nguruwe. Mzikeni mume wangu!"

Wakamwosha, tukamzika. Tuliporudi alasiri tukakaa kwenye sinia la wali, na birika la kunawa likapitishwa. Mzee Saidi, udongo wa kaburini bado uko kwenye kucha, akalisukuma kwa kiwiko liende kwa jirani yake. "Bismillahi," akasema, akazamisha mkono katikati ya sinia.

Kisha akaniuliza mbona sili.

"Leo Alhamisi, mzee. Nimefunga."

Mungu anisamehe. Njaa inaniuma mpaka sasa.