Golikipa Uliyemfelisha kwa Karatasi

Mtani wangu Mwalimu Komba,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi leo sikuulizi. Hali yako naijua. Dereva wa lori la posta ameniambia umenenepa huko Mbeya, una nyumba ya bati na bustani ya viazi, na kwamba alipokutajia timu yetu ulicheka ukasema, "Msalimie mtani wangu mpishi. Mwambie yaliyopita si ndwele." Si ndwele? Ebo! Ni ndwele, Mwalimu, na mgonjwa bado hajapona. Ndiyo maana nimekaa hapa juu ya gunia la maharage, kalamu mkononi, na hasira zimenijaa.

Najua unajiuliza nani kaniandikia. Hakuna. Mkono ni wangu mwenyewe, na habari hiyo nitaifikia. Jambo jingine ulijue mapema: barua hii nimeiandika mara mbili. Moja ndiyo hiyo uliyoishika. Ya pili nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo, kwa misumari ileile uliyobandikia matokeo ya mtihani wako wa mpira. Kila apitaye anasoma.

Unakumbuka ulivyofika hapa Iringa kutoka Songea? Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, na wewe una shati jepesi la watu wa joto. Uliingia jikoni kwangu kuota moto, ukafunua sufuria bila kuomba ruhusa, ukaniuliza, "Mtani, hii nyama jana ilikuwa ikibweka?" Hapo nikajua Mngoni amefika, maana ndio mnaotutania sisi Wahehe kwamba tunakula mbwa. Nikakujibu kwamba mbwa wetu walikwisha zamani, walikufa kwa kucheka siku walipoona babu zako wanavyokimbia vitani. Walimu wenzako wakatoa macho: mpishi anamtukana mwalimu! Hawakuijua mila. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia utani. Mtani akikutukana unacheka, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Miaka mitatu tuliishi hivyo. Nilikupenda, sikufichi.

Na mpira tuliupenda pamoja. Jumamosi niliinjika maharage alfajiri ili saa tisa niwe uwanjani. Wewe na suruali yako nyeupe ulisimama mstarini, mimi nyuma ya goli la Asajile. Huyu Asajile, kwa wanaosoma hapo ubaoni wasiomjua, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, na mikono yake mipana kama makoleo. Alidaka peku. Hakupiga kelele, hakurukaruka kuwafurahisha wasichana. Alisimama tu pale mpira unapokuja, kana kwamba mpira umemwambia tangu jana.

Siku ile tulipocheza na timu ya mji, ikapigwa penalti dakika za mwisho, akaidaka na kuilalia tumboni, wewe ulifanya nini? Ulikimbia na suruali yako nyeupe mpaka kwenye matope, ukamnyanyua, halafu ukaja kunikumbatia mimi na aproni yangu ya mafuta. Ulisema, "Mtani, huyu si golikipa, huyu ni ukuta!" Nayasema haya usije ukajitetea kwamba hukumjua. Ulimjua. Ndicho kinachoniuma zaidi.

Kisha kikaja kile kitabu. Sijui nani alikuletea kutoka Ulaya, lakini Mungu amsamehe. Kitabu kizima ni picha za watu bila sura na mishale inayokwenda huku na huku. Ukaanza kutembea nacho kwapani kama padri na misale yake ya sala. Mwezi mmoja kabla ya mechi yetu na chuo cha Mbeya ukafunga uwanja. Ukawaingiza vijana darasani, ukachora mishale ubaoni, nao wakainakili kwenye madaftari. Jioni nzuri kabisa, jua linawaka, nyasi zimekatwa, na timu yangu imekaa kwenye madawati inaandika "Somo la Tatu: Wajibu wa Beki wa Kushoto." Nilipita dirishani na ndoo yangu nikadhani naota.

Na mwisho wa masomo ukatunga mtihani! Mtihani wa mpira, wa kuandika, alama ishirini. Atakayefaulu ndiye atakayecheza. Jamani, ni chuo cha ualimu peke yake duniani kinachoweza kufanya kituko cha namna hii. Wakulima wakitaka kujua jembe kali hulitia ardhini. Ninyi walimu mnaliuliza maswali.

Ulimuuliza Asajile aeleze kazi za golikipa. Akaandika mstari mmoja: "Kazi ya golikipa ni kudaka mpira." Basi. Akaweka kalamu chini. Wewe ukampa mbili kwa ishirini, ukaandika kwa wino mwekundu, "Hana fikra," na ukaibandika karatasi ile ubaoni watu wote waione. Hana fikra! Alikuwa amejibu, Mwalimu. Mpaka leo nasubiri mtu anionyeshe kosa katika jibu lile.

Nafasi yake ukampa Festo, mwanakwaya, mtoto mwema, aliyejaza kurasa tatu kwa mwandiko wa kupendeza. Hukujua kwamba siku mbili kabla ya safari Festo alikuja jikoni kwangu analia. Aliniambia, "Mzee, mimi mpira ukija nafumba macho. Tafadhali mwambie mwalimu. Mimi nikimwambia atasema nakataa amri." Nikaja kukwambia. Ulikuwa unasahihisha madaftari. Ukacheka, ukasema, "Wahehe mnaogopa mapema, vita yenyewe bado." Nami, kwa kuwa mtani haruhusiwi kununa, nikacheka pia nikarudi kwenye masufuria yangu. Kicheko kile nakijutia.

Tukapanda lori. Unaikumbuka safari ile, kutwa nzima vumbi, Makumbako mpaka Chimala, vijana wanaimba, mimi nimekalia masufuria nyuma? Asajile hakuimba. Ulikuwa umempa kazi ya kulinda ule ubao wako mweusi wenye mishale usifutike, naye aliushikilia magotini njia nzima kwa mikono ileile. Nilimuuliza kama ana hasira. Akasema, "Hapana, baba. Nadhani Mwalimu atabadilisha mawazo tukifika. Nimempelekea mzee wangu salamu aje aone."

Na mzee akaja. Asubuhi ya mechi, ukungu bado umeushika mlima wa Loleza, nikiwa nachochea moto wa uji nyuma ya madarasa yao, nikamwona mwanamume mtu mzima, koti refu, miguu imejaa vumbi, amebeba mkungu wa ndizi begani. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Tukuyu. Akanisalimu, "Ugonile," akautua mkungu wake, akasema kwa fahari iliyomjaa uso mzima, "Mimi ndiye baba wa yule anayelinda mlango."

Nikakimbia kukutafuta. Safari hii sikucheka, nadhani unakumbuka. Nilikwambia, "Mwalimu, baba yake kaja kwa miguu. Mcheza kwao hutunzwa. Mrudishe kijana golini, nakuomba kwa jina la mama yako." Ukanishika bega. Ukasema mbele ya wachezaji wote, "Mtani, kachochee kuni zako. Mpira wa siku hizi ni wa akili, si wa kuchinja mbwa." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli, na watu wakadhani ni utani unaendelea. Huo ndio ubaya ulionifanyia, Mwalimu. Mila ya babu zetu waliyotuachia ili tusiuane, wewe uliifanya pamba ya kuzibia masikio.

Mechi sihitaji kuisimulia sana. Sita kwa bila. Walitufunga kwa kichwa, kwa mguu, na moja Festo alijifunga mwenyewe akiwa amefumba macho, kama alivyoahidi. Wewe ulikuwa unapiga kelele "Nafasi! Nafasi! Ukurasa wa kumi na mbili!" Ala! Mchezaji gani amewahi kukimbia na ukurasa? Na pembeni yako, mstarini, mbele ya Mbeya nzima, Asajile amesimama ameushika ubao wako ili wachezaji waisome mishale. Kila goli likiingia mashabiki wa kule walimnyooshea kidole yeye, wakiimba, "Mbao! Mbao!" Hukugeuka hata mara moja kumtazama. Mimi sikumtazama mwingine.

Mzee alikuwa kando yangu. Likaingia goli la nne. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu amefanya kosa gani?" Nimepikia watu mia mbili kwa siku na sijawahi kukosa cha kumpa mtu. Siku ile nilikosa. Ningesema nini? Kwamba aliandika mstari mmoja? Mechi ilipokwisha akaniachia mkungu wa ndizi. "Wape watoto," alisema, "wamechoka." Ndizi zile tulizila njiani, na wewe ulikula mbili. Niliziona.

Kiti cha Asajile kwenye lori kilirudi kitupu. Aliondoka na baba yake. Na wewe, hata haya huna, uliandika kwa mkuu wa chuo kwamba timu ilishindwa kwa sababu wachezaji hawakujisomea vya kutosha, na kwamba Asajile ni mtoro. Kisha uhamisho wako ukatoka, ukaenda zako hukohuko Mbeya kufundisha wale waliotufunga, na jina la kijana likafutwa.

Sasa sikiliza yaliyopo leo, maana ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. Festo kapata barua kutoka kwake. Asajile amejiandikisha kwenda kwenye migodi ya Kusini, Johannesburg. Wanaondoka baada ya mavuno, na wewe unajua kama mimi ninavyojua wanavyorudi wale wanaorudi. Nimekwenda kwa mkuu wa chuo, nimevua kofia, nimemwambia yote. Kanijibu hivi: kijana atapokelewa, lakini sharti mwalimu aliyemwita mtoro aandike kwa mkono wake kwamba alikosea. Mwalimu huyo ni wewe. Maneno manne yanatosha. Na Tukuyu kutoka hapo ulipo ni nusu siku kwa lori. Yule mzee aliitembea njia hiyo ana ndizi begani. Wewe utaipanda gari.

Sasa niseme ya huu mwandiko. Miaka mitatu ulikuwa unaingia jikoni kwangu. Ulifunua kila sufuria. Ulimjua mke wangu, uliwajua watoto wangu, hata mbwa wangu ulimpa jina. Hukuwahi kuniuliza kama najua kusoma. Asajile aliniuliza wiki yake ya kwanza chuoni, nilipompa karatasi ya gunia anisomee maandishi yake. Tangu siku ile, kila baada ya chakula cha mchana, maharage ya jioni yakiwa motoni, alikuja akakaa hapa kwenye gunia, akaniandikia herufi kwa mkaa kwenye mlango wa stoo. Hakuchora mishale. Hakunitungia mtihani. Nikikosea alifuta kwa kiganja akasema, "Tena, baba." Mtu mzima wa miaka hamsini, mkaidi, mkono umezoea mwiko, naye hakuchoka. Kabla hatujaondoka kwenda Mbeya nilikuwa nimeandika jina la mke wangu bila kuangalia. Baada ya yeye kuondoka nimeendelea peke yangu, nikijiambia hilo neno lake kila ninapokosea.

Huyo ndiye uliyesema hana fikra. Ulimpima upande wa golini ukamnyima, ukampima upande wa ualimu ukamfukuza, na vyote viwili anavijua kukushinda. Nakwambia haya bila utani hata chembe. Leo nimeuweka chini utani wetu. Ukitaka kununa, nuna. Ukitaka kukasirika, kasirika, una ruhusa yangu. Kucheka tu ndiko nilikokukataza.

Barua hii uliyoishika, mstari kwa mstari, ndiyo karatasi ya majibu ya Asajile. Chukua wino wako mwekundu. Isahihishe upya, kisha panda lori la Tukuyu kabla mavuno hayajaisha, ukamwonyeshe baba yake alama.

Kamwene, Mwalimu, salamu yetu Wahehe niliyokunyima mwanzoni. Sufuria iko motoni, na juu ya gunia lake sijamkalisha mtu mwingine.

Ni mimi mpishi wako wa chuo, niliyekuwa mtani wako, na nitakayekuwa tena siku nitakapomwona kijana yule mlangoni.