Maji ya Vembanad Yalale Wapi

Kainakary, 4 Aprili 1993

Mwanangu Sasi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti. Huko Muscat joto linakuachia hata usingizi?

Barua yako alinisomea Thresia, maana miwani yangu ilikuwa imepotea. Alipofika pale unaposema shamba la chini lijazwe udongo tujenge nyumba ya zege, akaikunja barua akanirudishia. Sasi, lile shamba halikai bure. Mito ikishuka na Ziwa Vembanad likashiba, maji huja kulala pale siku nne tano, kisha yanaondoka zake. Ukiyanyima, yataingia kwa Thresia ng'ambo ya mfereji. Tangu baba yako afariki sina mwingine ila yeye. Kila asubuhi hunipigia kelele, "We Bhargavi, hujafa bado?" Usilijaze, nakuomba.

Mamako

Muscat, 2 Mei 1993

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sijambo, joto nimelizoea, upweke ndio bado.

Mama nawe na huruma zako! Kila masika unalala juu ya meza, ng'ombe yuko barazani, na mimi huku silali. Fundi nimeshamwagiza, mashua za udongo zinakuja. Thresia atazoea. Nataka mama yangu alale pakavu, basi.

Mwanao

Kainakary, 19 Julai 1994

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo tu.

Ziwa limejaa. Maji yalikuja, yakakuta ukuta wako wa mawe, yakageuka. Kwa Thresia yamefika dirishani. Nilimwita kwa sauti yangu yote: njoo huku, nyumba mpya ina vyumba vitatu vitupu! Alikuwa anapakia vyungu mtumbwini, anapelekwa kambi ya mafuriko pale shuleni. "Asante, mama Sasi," akasema. Miaka thelathini ananiita Bhargavi!

Juzi nyumba yake ilianguka. Naichukia hii yangu. Njoo uuondoe huo udongo, hata nusu.

Mamako

Muscat, 10 Agosti 1994

Mama,

Shikamoo, na pole. Likizo wamenikatalia hadi Desemba. Mwambie Thresia asubiri, nitamjengea. Ila hujaniambia: ndani maji yaliingia?

Mwanao

Kainakary, 28 Agosti 1994

Sasi,

Thresia hasubiri. Binti yake amemchukua, wanakaa milimani. Mtumbwi ulipita hapa mlangoni na kitanda chake. Nilisimama na samaki niliomkaangia, nikaita. Hakuna aliyeacha kupiga kasia.

Umeuliza maji. Hayakuingia hata tone, mwanangu. Sakafu kavu kabisa, na tangu Jumatatu sijasema neno na mtu.

Mamako