Pumzi ya Skola Inauzwa Kariakoo

Baba Skola, wimbo wa mwanetu unauzwa Kariakoo na jina lake halimo! Kwenye jalada yumo Fulgensi kavaa suti, eti ndiye mtunzi. Fulgensi yule yule aliyehamia huku zamani, akaja huko nyumbani likizo, nawe ukamwazima kanda yetu.

Haya, hujambo mume wangu? Kifua kimepoa? Usivue koti, baridi ya huko naijua. Hapa kwa kijana wetu Deo tu wazima. Mjukuu wako kaota meno, anang'ata kama babu yake.

Wimbo niliusikia kwenye moja ya redio hizi mpya, nikaacha ugali unaungua. Nikamburuta Deo hadi kwa muuza kanda.

"Mtunzi si huyu," nikamwambia. "Mtunzi ni mwanangu."

"Mama, kila anayekuja hapa mtunzi ni mwanawe."

"Wako anatunga nini?"

"Uongo tu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nyumbani nikazisikiliza zote mbili, hii yao na ile yetu niliyokuja nayo, narudisha hii, narudisha ile. Yao ina kinanda na magitaa, safi kama sahani iliyooshwa, sikatai. Yetu ina ng'oma, mtoto analia, na kuku wa katekista. Lakini Skola akianza, kinanda chao chote kinakuwa kelele. Sisemi hivi kwa kuwa nimemzaa. Au nasema kwa hiyo, sawa.

Sasa sikia. Ubeti wa pili, "Ulipanda mlima, Bwana, ukaja..." Unakumbuka Skola alinyamaza pale? Mimba ya Kalolo ilikuwa kubwa, pumzi ikamwishia. "Kwetu Ufipa" haikutoka, haimo kwenye kanda. Basi na hawa, kwaya nzima, wananyamaza pale pale! Hata kinanda! Wamedhani ndivyo ulivyotungwa. Tangu biashara iachiwe kila mtu, kila kitu kinauzwa, sasa hata mwanangu kukosa pumzi.

Fulgensi nilimkamata mlangoni mwa kanisa lao la huku. Akanichekea. "Mama Skola, wimbo wa Mungu hauna mwenyewe."

"Basi futa jina lako."

"Skola ana watoto na shamba la maharage. Jina atalipeleka wapi?"

Mtu aliyefundishwa kuimba besi na Skola, tena kwa kurudiarudia! Na wewe usianze kuniambia tumwache, ni mtu wetu. Nimenyamaza vya kutosha, na Skola naye anasema hatungi tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko suti yake.

Sasa wanakuja kuizindua kanda hiyo hapo hapo kanisani kwetu Malangali. Msiwafanyie fujo. Kaeni, pigeni makofi. Wakifika pale mlimani wakanyamaza, Skola asimame aimbe "kwetu Ufipa", na kanisa zima limfuate. Tuone Fulgensi ataweka wapi uso wake.

Baba mkwe shikamoo yake, aje na fimbo yake. Wifi yangu wa Mazwi afunge genge siku hiyo, asinipe sababu. Mkwe wetu ambebe Kalolo, mke wake awe na pumzi. Mimi nitakuwa nimeshafika kwa basi, na kanda yetu mkobani.

Mkeo anayekupenda hata akikukaripia,
Mama Skola

Asikose mtu: Jumatatu ya Pasaka.