Usiwashe Oveni

Baba Mapacha,

Ukirudi kutoka kuwapeleka watoto shule, usiwashe oveni. Chai iko kwenye chupa. Mkate kula hivyo hivyo, baridi.

Mle ndani zinakauka seli nne za udongo, mifano ya wanafunzi wangu wa biolojia chuoni. Zilikuwa tano. Ule mlio wa asubuhi, ambao wewe ulisema ni trei, ulipoongeza moto upashe mkate bila kuchungulia, ilikuwa ya tano ikipasuka. Ilikuwa bado na unyevu.

Ni ya yule binti wa kiti cha nyuma, aliyefeli mara mbili. Mwaka mzima hakufungua mdomo. Juzi, akifinyanga utando wa seli, akanieleza mwenyewe kinachoingia na kinachozuiwa, bila daftari.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika, lakini hofu imezidi. Saa nne mkuu wa idara anakuja kuona kama hii anayoiita michezo ya chekechea inafundisha kitu. Nimefunga vipande kwenye taulo, naondoka roho mkononi. Nitamwomba yule binti aeleze seli kwa hivyo vipande.

Anua nguo, mvua inakuja.

Binti akinyamaza tena, safari hii tumemnyamazisha sisi.

Mama Mapacha