Utabiri wa Mwanamke Aliyeachwa

Jumatatu, 8 Septemba

Mhariri kanikabidhi utabiri wa tuzo, kama kila mwaka. Nani atakuwa Mchezaji Bora wa ligi ya kikapu, nani Mlinzi Bora, Chipukizi Bora, Mchezaji Bora wa Akiba, Aliyeimarika Zaidi, Kocha Bora. Majina sita na sababu chini ya kila jina. Unachapwa Ijumaa ya wiki ijayo, siku moja kabla ya ligi kufunguliwa.

Alisimama mezani kwangu akichezea stepla yangu. Akasema kama naona vigumu, kazi atampa mtu mwingine. Nikamwuliza vigumu kwa nini. Akatazama dirishani. Chumba kizima cha habari kinajua nimeachwa, na aliyeniacha anacheza ligi hiyo hiyo. Mpaka mlinzi wa getini siku hizi ananisalimia kwa sauti ya msibani.

Nimesema nitaandika mwenyewe. Kikapu hapa naandika mimi, na kuachwa hakujanipofusha.

Nimefika nyumbani nikalia hata viatu sijavua.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeanza na zile rahisi. Chipukizi Bora — yule dogo wa timu ya benki wanayemwita Sumaku, kila mpira unaogonga ubao unamfuata yeye. Kocha Bora — mama wa timu ya chuo. Hapazi sauti, lakini wachezaji wake wanamwogopa kuliko refa. Mchezaji Bora wa Akiba — yule mtu mzima wa timu ya bandari, anaingia robo ya pili, anafanya kazi yake, anarudi benchi na taulo kichwani. Nilimwandikia aya nzuri. Kisha nikaifuta, maana kila sentensi ilikuwa inanihusu mimi. Mtu wa kukaa pembeni akingoja kuitwa. Hebu nijiheshimu.

Dada kapiga simu. Dada yangu mkubwa na mdomo wake hawajawahi kufichana kitu. Kasema mwanaume anayevunja uchumba eti "nataka kuweka akili kwenye mchezo" ana mwanamke mwingine, basi, tusitafute mchawi. Nikamwambia huyo mwanamke nimemtafuta kila mahali — kwenye picha, kwenye maneno ya watu — sijamwona. Kasema sijatafuta vizuri. Kisha akauliza kama nimekula. Nikadanganya.

Naukumbuka mwezi wa saba. Alikuwa ameacha kupanda juu kwangu. Anafika na gari, anapiga honi, anasema shuka, niko chini. Nakaa ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu tangu nihamie. Zamani zile ngazi alikuwa anaziruka mbili mbili huku anaimba. Nilidhani nyumba yangu inamtia aibu. Nikanunua mapazia mapya, mjinga mimi.

Na uchumba kauvunjia mle mle ndani ya gari. Injini inanguruma. Hata kuizima hakuizima.

Jumamosi, 13 Septemba

Mechi ya kirafiki, timu ya reli na timu ya bandari. Reli ndiyo timu ya huyo aliyeniacha. Nimekwenda. Nilijikaza kisabuni, nikapaka wanja, nikakaa mahali pangu pa siku zote, nyuma ya kikapu. Waandishi wenzangu wanakaa katikati, kwenye meza yenye soda. Mimi nakaa mwisho kwa sababu pale ndipo naona miguu. Mpira kila mtu anauona.

Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake. Pangaboi, Pangaboi — kwa ile mikono yake mirefu inavyozunguka kama feni akikaba mtu. Kafunga pointi thelathini na moja, nyingi kwa mitupo ya mbali. Chini ya kikapu hakuingia hata mara moja. Yeye! Ambaye katikati ya mabeki wanne alikuwa anaingia kama anaingia jikoni kwake. Waandishi wamefurahi kweli kweli. Amekomaa, wanasema, siku hizi anatumia akili, Mchezaji Bora ni huyu, mjadala tufunge.

Mimi nilikuwa natazama chini. Kila akiruka anatua kwa mguu wa kushoto peke yake. Ule wa kulia anaushusha baadaye, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Akikaa benchi hakunji goti. Wakati wa mapumziko wenzake waliteremka ngazi za chumba cha kubadilishia wakikimbia, yeye kabaki nyuma anasaini mipira ya watoto mpaka watu wakaacha kumtazama. Ndipo akashuka, mkono ukutani.

Ni goti. Goti lake limekwisha na hakuna anayejua.

Aliporudi uwanjani akaniona. Tukatazamana. Wiki nzima nilikuwa nimeandaa uso wa dharau kwa ajili ya siku hiyo, ukanikimbia.

Jumapili, 14 Septemba

Sijatoka kitandani mpaka mchana. Namhurumia. Nina kila haki ya kumchukia halafu namhurumia. Hii kazi gani, jamani.

Jumanne, 16 Septemba

Amepiga.

Nilikuwa dukani, kwenye foleni, sabuni mkononi. Jina lake likaja kwenye simu. Nikaiacha sabuni juu ya gunia la mchele, nikatoka nje. Nikajiambia usipokee haraka. Nikapokea haraka.

Hakuuliza habari zangu. Kasema, "Umeona, sivyo?"

Nikasema nimeona.

Kasema, "Nilijua tu. Wengine wote nawaweza. Wewe sikuwezi."

Goti la kulia, tangu mwezi wa sita. Alikwenda kwa daktari wa pembeni, siyo wa timu, akaambiwa apasuliwe na apumzike msimu mzima. Akiendelea kulirukia, siku moja litaachia, na hapo kikapu atakitazama kwenye televisheni, tena akiwa na fimbo. Lakini mkataba mpya wa miaka mitatu unasainiwa Jumatatu baada ya mechi ya ufunguzi. Akishasaini atasema ukweli. Kwa sasa anameza vidonge vya maumivu kabla ya mazoezi, na daktari wa timu anapita na kumpigapiga begani.

Anaomba kitu kimoja tu. Nimwandike Mchezaji Bora, kama wanavyomwandika wote. Nikimwacha mimi, watu wataanza kuulizana.

Nikamwuliza — nguvu sijui nilizitoa wapi — kwa hiyo ile ya kuweka akili kwenye mchezo ilikuwa nini?

"Ningepandaje zile ngazi mbele yako?" kasema. "Ungejua siku hiyo hiyo. Ungenizuia."

Kweli, ningemzuia.

Basi. Hakuna mwanamke. Wiki zote hizi nimejikagua kama nguo kuukuu, natafuta nimetoboka wapi — sauti yangu, unene wangu, mapazia yangu — kumbe tundu hakuna. Aliniacha kwa sababu nina macho. Bora angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemtukana nikapoa.

Nikauliza kama bado ananipenda. Kasema, "Msimu uishe kwanza." Utafikiri nimeomba likizo. Nikakata simu. Sabuni sikurudi kuichukua.

Jumatano, 17 Septemba

Nikimwandika, nawadanganya wasomaji na namsukuma akalivunje goti lake. Nikiandika habari za goti, namwaga mtama wa mwili wa mtu mwingine, na mkataba wake unakufa kwa mkono wangu. Nimezunguka chumbani mpaka jirani wa chini kagonga dari yake.

Nilimwambia dada kwamba mwanamke hayupo, nikamweleza na sababu. Akanyamaza. Haijawahi kutokea. Kisha kasema hiyo mbona ni mbaya zaidi. Akaanza kulia yeye, mimi ndiyo nikawa nambembeleza.

Mlinzi Bora nimempa beki wa polisi. Aliyeimarika Zaidi nimempa yule mfupi wa timu ya reli. Mchezaji Bora bado patupu.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepeleka. Mchezaji Bora — yule kipara wa timu ya bandari. Sababu, mistari minne, na yote ni kweli, ni mchezaji mzuri. Kuhusu Pangaboi, hata neno.

Mhariri kaniita. Mlango wa ofisi yake haufungi, kitasa kibovu, ikabidi auzuie kwa mguu. Kasema magazeti yote yanampa Pangaboi, redio zinampa, hata mke wake nyumbani anampa. Nipe sababu, kasema. Nikamwambia sababu ninayo ila si ya kuandika. Akaongea kwa upole, na upole ndio uliniumiza. Watu watasema ni kisasi. Nikasema waseme. Kasema, "Jina litakalochafuka ni lako, mama. Si langu." Nikasema jina langu nalijua.

Akautoa mguu, mlango ukafunguka wenyewe.

Nilimpigia Pangaboi kabla gazeti halijaenda mtamboni. Sikutaka alione kwa watu. Nikamwambia uongo sikuuandika, na siri yako sikuitoa. Jumamosi haijafika, nenda mwenyewe kwa daktari wa timu, nakuomba, kama uliwahi kunipenda nenda. Kasema, "Umeniua." Nikamwambia najaribu usijiue. Alikuwa ameshakata.

Ijumaa, 19 Septemba

Limetoka. Kufika saa tatu asubuhi mtangazaji mmoja wa redio alikuwa ameshaupa jina: utabiri wa mwanamke aliyeachwa. Watu wakalidaka. Mmoja kaandika niombewe. Mwingine kauliza kama Aliyeimarika Zaidi ndiye mchumba wangu mpya, maana angalau huyu ni saizi yangu. Hiyo nilicheka. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuandika habari ya voliboli.

Mpiga picha wetu, ambaye huwa haachi kunitania, kaniwekea kikombe cha chai mezani akaondoka bila neno. Hapo ndipo nikajua hali ni mbaya.

Jioni mlinzi wa getini kanisimamisha. "Dada, umefanya vizuri. Amekuumiza, na wewe muumize." Kwa moyo safi kabisa. Ningemwambia nini? Nikasema asante. Hilo limeniuma kuliko matusi yote. Mtu mmoja tu kanitetea leo, na kanitetea kwa jambo ambalo sikulifanya.

Pangaboi hajapiga. Sijui kama amekwenda kwa daktari.

Jumamosi, 20 Septemba

Mapumziko. Mechi ya ufunguzi. Naandika hapa hapa nyuma ya kikapu maana siwezi kusubiri mpaka nyumbani.

Walinizomea nilipoingia. Nilitia pamba masikioni, nikakaa.

Hakwenda kwa daktari. Nilijua tangu anapasha misuli. Na leo anaingia ndani. Makusudi kabisa. Robo ya kwanza mara mbili, robo ya pili mara tano, chini ya kikapu, katikati ya watu, na kila akifunga hatazami wenzake, ananitazama mimi. Haya, andika sasa. Na uwanja unashangilia huku unanigeukia. Mara ya mwisho alitua kwa miguu yote miwili, nikaliona goti linakwenda pembeni. Kidogo tu. Akainama haraka kama anafunga kamba za kiatu. Kamba zilikuwa zimefungwa.

Nilimnyima jina ili apumzike. Sasa anajimaliza kwa sababu nimemnyima. Mungu wangu, nimefanya nini.

Wakati wenzake wanashuka chini, daktari wa timu kaja mpaka hapa nilipo. Mzee mfupi, mkoba wake begani. Kainama karibu yangu. Kasema mkewe kamsomea utabiri wangu huku anacheka, yeye hakucheka. Ananisoma siku nyingi, kasema, na hajaniona nikiandika kwa hasira hata siku moja. Kisha kauliza taratibu, "Binti yangu, kutoka hapa unaona nini ambacho mimi kule benchi sikioni?"

Nikafungua mdomo, kisha nikainamia daftari langu.

Kasema nisijilazimishe. Anakwenda kuwafunga bandeji vijana wake, robo ya tatu ikianza atarudi akae na mimi kidogo, tutazame wote. Kiti cha pembeni yangu kina mkoba wangu na koti. Alikiangalia, akaondoka.

Wanatoka sasa. Pangaboi ni wa mwisho, amepanda ngazi mkono ukutani. Daktari yuko nyuma yake, anakuja upande huu. Pangaboi kageuka, kaona daktari anakokwenda, kisha kanitazama. Katikisa kichwa mara moja. Usithubutu. Halafu midomo yake ikalitamka jina analoniita tukiwa wawili tu, lile ambalo nimelala nikilisubiri tangu aondoke. Leo ndiyo kalitoa.

Nampenda. Nimeliandika nione kama bado ni kweli. Bado ni kweli.

Nimetoa mkoba kwenye kiti. Na koti. Ameniona nikivitoa.