Maganda ya Kijani Kwenye Nyasi

Kaagya, Jumanne, 9 Julai 1974

Simwamini fundi Pastori. Kutwa nzima amekwangua rangi ya milango ya zamani, na unga wote wa kijani umeangukia nyasi mpya tulizotandaza sakafuni sebuleni Jumamosi, kama desturi yetu. Binti yangu Koku, wa miaka miwili, hucheza na kulala juu ya nyasi hizo.

Saa tisa nilimkuta anatafuna. Nilipomtoa ganda la rangi mdomoni alilia, akitaka nimrudishie. Inaelekea ni tamu.

Nilimwambia fundi kwamba shuleni tulifundishwa rangi za zamani zina madini ya risasi, na madini hayo ni sumu.

Akacheka. "Mwalimu, vumbi hili nimelila tangu enzi za Mwingereza. Nimekufa?"

Mama mkwe akamuunga mkono. "Nyasi zikichakaa tutazitupa migombani, kama siku zote." Yaani unga uleule uende kwenye matoke, ndizi tunazokula kila siku!

Nimezitoa nyasi zote na kuzifukia mbali na kibanja, shamba letu la migomba. Koku analala kwa shangazi yake mpaka kazi iishe.

Labda ninazidisha. Lakini jioni fundi alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado ilimwagika. Alisema anatetemeshwa na baridi.

Hakukuwa na baridi.