Meli Yenye Roshani Juu ya Ukumbi wa Densi

Mama,

Nataka kwenda kucheza densi. Nimeliandika hilo kwanza kabla sijaishiwa na ujasiri. Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu tukuzike, na mimi binti yako Nasimiyu, mwalimu wa darasa la sita, mke wa mzee wa kanisa, mwenye miaka arobaini na tisa na goti moja linalolalamika nikipanda ngazi, nimekaa hapa Matisi nikichagua meli kwa kuangalia ni ipi yenye muziki mzuri. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Halafu ungeuliza, "Na mkwe wangu anasemaje?"

Hapo hasa ndipo palipokuwa na kazi. Ngoja nikusimulie polepole.

Nafula wetu, mjukuu wako, yule aliyerithi jina lako na miguu yako isiyotulia, ni muuguzi Uingereza sasa. Mwaka huu mimi na Mwangi tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na mtoto huyo ameamua kututembeza baharini. Si safari ya kwenda mahali, Mama. Ni meli ya starehe: unapanda, inakuzungusha wiki moja ukiangalia miji ya watu, kisha inakurudisha palepale ulipopandia. Nilimwuliza kwenye simu, sasa kama mtu anarudi palepale, amesafiri kwenda wapi? Akaniambia, "Mum, si hiyo ndiyo raha yenyewe!"

Akatuma kwa posta vijitabu vitatu vya rangi, meli tatu, tuchague moja. Mama, sijui nikuelezeje. Kuna picha moja, meli imesimama bandarini karibu na kanisa lenye mnara, na mnara wenyewe unaifikia meli kiunoni tu. Ndani mna ngazi za vioo, mna bustani yenye miti inayomea, mna kinyozi, mna mahali pa kusalia. Mna hata bwawa la kuogelea. Fikiria maji ndani ya chombo, na chombo ndani ya maji, na hakuna anayeogopa! Nilikaa na picha ile mezani nikasahau chai ikapoa. Mimi niliyefundisha watoto kwa miaka yote hiyo kwamba chuma huzama, niliona aibu, nikamshukuru Mungu aliyewapa watu akili za namna hiyo.

Kisha nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari, nikaanza kazi.

Meli ya kwanza ni ya watu waliostaafu kila kitu, hata kucheka. Jioni kuna mhadhara kuhusu ndege wa baharini, baadaye mtu mmoja anapiga piano pole pole, na saa nne kila mtu yuko chumbani kwake. Ya pili ni ya vijana. Huko ni muziki wa mashine, povu linamwagwa juu ya watu, na nguo ni chache kuliko watu wenyewe. Mwangi angeanza kuhubiri kabla meli haijang'oa nanga.

Lakini ya tatu, Mama. Ya tatu! Ina ukumbi wa densi wenye sakafu ya mbao inayong'aa, na bendi ya watu tisa wenye tarumbeta. Alasiri kuna mwalimu wa kukufundisha hatua ili jioni usijiaibishe. Nilichunguza nyuso za waliopigwa picha, maana hiyo ndiyo siri ya kuchagua, usisome maneno matamu, angalia watu wenyewe. Ni watu wa rika letu. Kuna mama mmoja mwenye tumbo kama langu, kiatu kimoja kimemvuka na hana habari. Chakula cha jioni kina zamu mbili, na Nafula amenieleza kwamba wacheza densi huchukua zamu ya kwanza ili tumbo litulie kwanza. Na juu ya ukumbi, kuuzunguka wote, kuna roshani yenye viti, ambapo mtu anaweza kukaa akaangalia walio chini bila yeye kuonekana sana.

Niliandika kumi juu ya kumi. Halafu nikakificha kijitabu chini ya vitambaa vya viti.

Nilikificha kwa sababu ya Mwangi. Tangu turudi kutoka mazishi yako, mume wangu hajapiga muziki hata siku moja. Unamjua, fundi wa redio, mtu ambaye nyumba yake ilikuwa haijui kunyamaza. Sasa ni taarifa ya habari, kisha anazima. Kaseti zake zote alizifunga kwenye katoni akazisukuma chini ya kitanda. Tulikutana kwenye densi mimi na yeye, pale mjini Kitale, na nilimpenda kwa jinsi alivyokuwa akinizungusha kama mtu anayefungua kitu cha thamani. Mwaka mzima nimeogopa kwamba tumezeeka kimya kimya bila kuambiana. Sikuthubutu kumwuliza. Nikamwambia Nafula, "Chagua ile ya ndege, baba yako anataka utulivu."

Jumapili iliyopita Nafula akapiga simu, sauti yake nusu kicheko na nusu kilio. "Mum, Baba alinipigia Alhamisi. Ati wewe ndiye unataka ya ndege. Ati bado unaomboleza, tusikusumbue na makelele. Sasa nani hapo hasa anawataka hao ndege, bana?"

Nilisimama na simu sikioni kama mwanafunzi aliyekutwa akinakili.

Nikaenda nikakitoa kijitabu kule chini ya vitambaa, nikakiweka mbele ya Mwangi. Alikuwa mezani na redio ya mtu imefunguliwa tumbo. Nikamwambia, soma. Akafungua droo kutafuta miwani, na mle ndani, zimefungwa kwenye gazeti, nikaona betri sita kubwa. Mpya. Gazeti lilikuwa limeanza kugeuka manjano. Nikauliza ni za nani. Akasema, "Za mama yako. Za ile Krismasi hakuifikia."

Mama, wewe na mimi tulikuwa na siri yetu, unakumbuka. Unakumbuka na siku ya kwanza nilipomleta Mwangi nyumbani Bungoma. Kwao Kiminini, watu waliohamia kutoka mkoa wa kati, mama mkwe anasalimiwa kwa mkono na kupewa kiti kizuri. Basi akakujia ameunyoosha mkono na meno yote nje, na wewe ukatimua mbio ukapita mlango wa jiko, ukaacha patipati ya mguu mmoja katikati ya ua. "Nasimiyu! Kijana yako anataka kunisarimia kwa mkono! Kwani kwao hakuna mkwe?" Alibaki pale ameganda, mkono bado uko hewani. Tangu siku hiyo akaishika mila yetu, ya mkwe na mama mkwe kutokaribiana, kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Ukiwa jikoni, yeye yuko sebuleni. Ukipita uani, yeye anaangalia ukuta. Hamkuwahi kula pamoja, wala kushikana mikono, wala kucheza densi mahali pamoja.

Kila Krismasi alikuja na redio yake kubwa ya kaseti. Aliiweka kwenye dirisha la sebule lililoelekea jikoni, akafungulia rumba, akakaa ametupa mgongo. Na wewe jikoni ulikuwa ukichukua mfuniko wa sufuria na mwiko, unapiga, unatikisa mabega kama msichana anayecheza ngoma ya kamabeka, mpaka kitambaa kinakuanguka kichwani. "Usimwambie mkwe wangu kwamba nacheza. Ataniona sina heshima." Sikumwambia. Miaka yote hiyo nililinda siri yako, nikidhani yeye anajigamba tu na redio yake.

Mama, alikuwa anajua!

Alinieleza huku anageuza bisibisi mkononi, haniangalii. Alijua tangu Krismasi ya pili. Alikuwa akiusikiliza mfuniko. Ukipiga kwa kasi, anaiacha kaseti iendelee. Ukinyamaza, anajua wimbo haukupendezi, anabadilisha upande. Ule uliokupendeza kupita yote alikuwa akiurudisha nyuma kwa kuizungusha kaseti kwa kalamu ya biki, ili betri zisiishe kabla hujatosheka. Miaka zaidi ya ishirini mlicheza pamoja, wewe na mkwe wako, ukuta katikati, na hakuna aliyevunja heshima ya mwenzake. Na mimi niliyekuwa nikipita katikati yenu na sahani za kuku sikuona kitu. Ile meli na ghorofa zake zote haikunishangaza kama jambo hili.

Kisha akasema lililokuwa limemfunga mdomo. Ile Krismasi ya mwisho tuliyokuja ukiwa hai, mfuniko ulichelewa. "Ulikuwa unakuja nyuma ya muziki," aliniambia. "Mimi nasikiliza mashine kila siku, Nasimiyu. Nikajua moyo wake umechoka. Na ningesema nini? Mkwe anasimama aseme ati mama hachezi vizuri kama mwaka jana?" Alinyamaza kwa heshima. Na ulipotuacha kabla ya Krismasi nyingine, akaamini kwamba heshima ile ndiyo iliyokuua. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kimya chake. Hakuwa amezeeka, Mama. Alikuwa anajihukumu.

Nililia. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nilikuwa jikoni mle mle, nilikuona ukishika meza, nikakuuliza, nawe ukanifukuza kwa mwiko: "Niache nicheze, wewe mtoto!" Tulikupeleka kwa daktari baada ya mwaka mpya, nawe ulijua kabla yetu sote. Hakuficha chochote ambacho wewe mwenyewe hukutaka kifichwe. Sijui kama aliniamini yote. Lakini aliiweka bisibisi chini.

Akavuta kijitabu. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole, kama anavyosoma michoro ya redio. Akaniuliza bendi ni ya watu au ya mashine. Nikamwambia ni ya watu, tisa. Akauliza chumba chetu kitakuwa juu ya ukumbi au mbali nao. Akafika kwenye picha ya roshani, akaizungushia kidole mara mbili tatu, mpaka nikadhani ameona kosa. Jioni ile Nafula alipopiga tena, baba yake alichukua simu mwenyewe. Swali lake lilikuwa moja tu: "Huko juu, mtu akikaa, anasikia muziki vizuri?"

Nafula akasema anasikia, tena vizuri kuliko walio chini.

"Basi hiyo," akasema Mwangi.

Tutasafiri mwezi wa nane, shule zikifungwa. Jiko lako Bungoma bado limesimama, na mfuniko uko msumarini ulipouacha. Nimeagiza niletewe, utakuja nami kwenye sanduku, na wakiniuliza forodhani nitawaambia ni chombo cha muziki. Nakuahidi hivi: jioni ya kwanza tutachukua zamu ya mapema ya chakula, nitavaa viatu vya chini kwa ajili ya goti, na nitacheza mpaka kimoja kinivuke. Nitauweka mfuniko kwenye kiti kimoja kule juu kwenye roshani. Mwangi nitamgeuza mgongo upande huo, ili usihangaike kujificha.

Pumzika sasa, Mama wangu. Leo ametoa katoni chini ya kitanda, akazitia zile betri sita kwenye redio, na zinafanya kazi. Muziki unapigwa ninapomaliza kuandika. Anasema nikusalimu.

Hajanyoosha mkono.

Nasimiyu wako